Miaka 400 ya Robo

Machi 2024, habari za kifo cha Akira Toriyama, mchoraji wa katuni wa Japani, ziliposambaa, nilishusha kutoka juu ya kabati mashine ya gemu ya Super Nintendo na kaseti moja tu: Chrono Trigger, gemu ya kusafiri kwenye wakati. Wahusika wa gemu ile ya mwaka 1995 ni kazi ya mkono wake, na mimi penseli nilijifunza kuishika kwa kumwiga yeye. Nilitaka kuziona tena zile nyuso na kuchora kidogo, basi.

Nilipowasha, nafasi zote tatu za kuhifadhi zilikuwa tupu. Ndani ya kaseti ile mna betri ndogo ya duara inayolinda kumbukumbu; ikifa, safari yote inakwenda nayo. Na safari ile tulikuwa tumeicheza wawili, mimi na kaka yangu, tukipokezana padi ya kuchezea. Niliumia. Ilipita wiki nzima kabla sijampelekea fundi akabadilisha betri, nikaanza upya.

Kila jioni nilicheza huku daftari likiwa wazi pembeni. Skrini nzima ya mashine ile ni pikseli, yaani vidoto vya rangi, 256 kwa 224, na kila mhusika anatengenezwa kwa rangi chache mno. Miwani ya Lucca, msichana fundi wa mitambo kwenye gemu, ni vidoto vya kuhesabika. Kwenye michoro ya Toriyama unaona mpaka mikunjo ya nguo. Kwenye skrini hakuna mkunjo hata mmoja, lakini Lucca akicheka, unaona kabisa kwamba anacheka. Kwangu hiyo ndiyo raha kubwa ya kuchora kutoka kwenye gemu za zamani: umeachiwa nafasi, nawe unaijaza.

Jioni ninayoikumbuka zaidi ni ile niliyofika kwa Fiona. Mwaka 600, mama huyu anahangaika kuurudisha msitu kwenye ardhi iliyogeuka jangwa, na umri wake hautamtosha. Robo, roboti wa mwaka 2300, anajitolea kubaki amsaidie. Ukitazama ramani unamwona, kidoto tu, akienda na kurudi juu ya mchanga. Kisha unapaa na chombo cha kusafiria wakati, unatua mwaka 1000, na pale palipokuwa na jangwa pamejaa miti. Robo yumo katikati ya msitu, ametunzwa kama kitu kitakatifu, mitambo yake imezima. Kwako wewe mchezaji zimepita sekunde chache. Kwake imepita miaka 400.

Utotoni niliipita sehemu hiyo mbio mbio. Safari hii niliweka padi chini nikachora hadi usiku wa manane. Nilimchora Robo na mche mmoja, kiganja chake kikubwa kikiukinga na upepo. Nikamchora na Fiona mzee aliyeegemea mkono wake wa chuma. Uliofuata ulinipa shida, nikafuta mara nyingi mpaka karatasi ikachakaa: Robo peke yake, jembe la Fiona limesimamishwa kwenye shina, na ndege wamejenga kiota begani mwake. Fiona sikumchora. Jembe lilitosha.

Niliporudi kwenye gemu, Lucca alimtengeneza Robo, na wote wakakaa kuzunguka moto msituni. Wenzake wakalala. Lucca akaamka akaona lango jekundu la wakati, akaingia, akajikuta kwenye siku ile ya utotoni mwake ambapo nguo ya mama yake ilinaswa na mashine na miguu yake ikaumia moja kwa moja.

Hapo mikono ilinitetemeka. Mimi na kaka tuliwahi kufika hapa. Mashine inataka neno la siri, muda unakwenda, nasi hatukulijua. Tulibonyeza vitufe ovyo, tukigombania padi, mpaka tukasikia kelele za yule mama. Katika safari ile iliyofutika, mama yake Lucca alibaki kwenye kiti mpaka mwisho, na sisi wawili hatukulizungumzia tena.

Neno la siri ni jina la mama mwenyewe, Lara, na herufi zake zote zipo kwenye padi. Nikabonyeza L. A. R. A. Mashine ikasimama.

Nilichora mchoro wa mwisho wa usiku ule bila kutumia kifutio: mama Lara amesimama kwa miguu yake, na Lucca mdogo amemshika nguo. Niliupiga picha nikamtumia kaka bila maelezo yoyote. Ilikuwa saa nane usiku. Simu ikaita papo hapo.

"Mdogo wangu," akasema, sauti ya usingizi, "ulibonyeza nini?"

"Jina lake, kaka."

Akanyamaza kidogo. Kisha akauliza kama betri mpya inahifadhi vizuri, na kama nafasi ya pili bado iko wazi.