Kilo zako ngapi? Maisha ya rubani wa chopa pale Wilson

Swali la kwanza huwa namuuliza abiria si jina wala anaenda wapi, hayo yako kwa karatasi tayari. Namuuliza kilo. Na hapa uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, sijaona swali gumu kama hilo, mtu mzima kuulizwa uzito na kijana wa shati jeupe mbele ya wenzake anaona amekosewa heshima kabisa. Kuna mama mmoja aliniambia "sabini" nikiwa namwangalia tu na najua sabini ilipita zamani, nikamwomba kwa upole, mama tafadhali panda hapa na mkoba wako mkononi, mzani ukasoma 96. Hakufurahi, na ninamwelewa, lakini hizo kilo 26 zingekuwa zimejificha kwa hesabu yangu na mimi sitaki kitu kijifiche hapo.

Wacha niwaonyeshe kwa nini. Chopa, yaani helikopta, ninayorusha sana ni AS350 B3, ile ya Wafaransa ya injini moja, wengi mmeiona kwa mikutano ya siasa na matanga ya wakubwa. Uzito wa mwisho kabisa wa kuruka ni kilo 2,250. Hii ninayorusha ikiwa tupu, na viti na vifaa vyake, ni kama 1,300. Mimi ni 82. Sasa wanakuja wazee watano wenye afya zao, kila mmoja mia, hao ni 500, mizigo yao 60, na safari ni Lodwar kwa hivyo nataka mafuta lita 500, ambazo kwa mzani ni kama kilo 400 kwa sababu mafuta ya ndege ni mepesi kuliko maji. Jumlisha. Inakuja 2,342. Tumezidi kwa kilo 92, yaani mtu mzima mmoja, na hapo ni kuchagua, ama mmoja abaki, ama mizigo ifuate kwa gari, ama niweke mafuta kidogo tutue mahali njiani kuongeza. Na msaidizi wa mheshimiwa lazima atakuja pembeni aniambie, "kapteni, si hiyo ni kidogo tu?" Ni kidogo kwa pikipiki ya boda pia, na boda tunajua zinavyoishia.

Halafu kuna hewa yenyewe. Wilson iko futi 5,536 juu ya bahari. Mchana wa Februari joto likifika 28, ukipiga hesabu unapata chopa inajisikia kama iko futi 8,400 hivi, kwa sababu hewa ikipata joto inakuwa nyembamba, rota, yaani yale mapanga makubwa ya juu, inakosa cha kushika na injini nayo inapumua kwa shida. Mashine ni ile ile, mafuta ni yale yale, lakini mzigo ulioinuka vizuri saa kumi na mbili asubuhi unaweza kukusumbua saa nane mchana. Ndio maana tukiwaambia mfike saa kumi na moja na nusu alfajiri hatuwaonei. Ni hewa ya asubuhi tunaifukuzia.

Nimeanza kuandika haya kwa sababu ya mpwa wangu. Amemaliza fomu foo, ana alama nzuri, Jumapili tukiwa kwa mama akanivuta kando akaniuliza, "Mjomba, hii kazi yako mtu anaanzia wapi?" Nikamjibu kwa maneno mawili matatu kwa sababu chakula kilikuwa mezani, lakini nikirudi nyumbani nikahisi nimemnyima jibu.

Njia yenyewe kwa karatasi si ndefu. Vipimo vya afya vya daraja la kwanza, na hivyo vinarudiwa kila mwaka, ukizeeka vinakuja mara kwa mara zaidi. Mitihani ya darasani, hali ya hewa, sheria za anga, jinsi rota inavyofanya kazi. Halafu masaa 150 ya kuruka ndio upate leseni ya biashara ya helikopta, yanapungua kidogo ukisomea shule iliyoidhinishwa kwa kozi iliyopangwa moja kwa moja. Pesa ni nyingi, familia zinauza mashamba, na hiyo sitamficha.

Lakini kitu hakuna mtu aliniambia ni hiki, siku unapata leseni ndio siku unagundua haitoshi. Kampuni zinataka rubani mwenye masaa mengi, bima yao inataka hivyo, na hayo masaa utayapata wapi kama hakuna anayekupa kiti? Kuna kampuni moja iliniambia nirudi "wiki ijayo" na hiyo wiki ijayo ikawa miezi saba. Miezi saba nikipanda matatu kila asubuhi hadi Lang'ata Road, naosha chopa, nafagia hanga, lile banda la kuwekea ndege, nasukuma mashine za wengine zitoke nje halafu nabaki nimesimama na kitambaa mkononi nikiziangalia zikipaa. Nililia siku moja nyuma ya hanga, sioni haya kusema. Mtu anakaa na leseni mfukoni na anaulizwa kama ameosha kioo.

Lakini hapo ndipo nilipata mwalimu wangu wa kweli, na hakuwa rubani, alikuwa injinia wetu, mzee mmoja mpole wa maneno machache. Kila asubuhi alikuwa anatoa mafuta kidogo kutoka chini ya tenki anaweka kwa chupa ya glasi, anainua juu kwenye mwanga wa jua likichomoza upande wa mbuga, anatulia nayo. Nikadhani anapoteza wakati. Siku moja akaniita, "Njoo kijana, angalia hapo chini." Nikaangalia, sioni kitu. "Angalia tena." Akatikisa chupa kidogo ndio nikaona tone moja limekaa kwenye kona ya chini, limeviringika kama shanga, linateleza huku na huku bila kuchanganyika. Maji. Yanashuka chini kwa sababu ni mazito. Akasema tone ni salamu tu, bwana mwenyewe yuko nyuma, akaendelea kutoa mafuta na kumwaga hadi chupa ikawa safi mara tatu mfululizo. Hadi leo nikiwa kule juu Turkana tunajaza kutoka kwa mapipa, pipa limekaa juani na mvuani sijui tangu lini, naangalia kama muhuri uko sawa, naweka kile kipima maji kinachogeuka kijani, halafu bado nainua chupa juani vile alivyofanya mzee.

Sasa nije kwa kuruka kwenyewe. Watu wanadhani ugumu uko juu. Juu ni raha jamani, ukishapita Ngong ukaona Bonde la Ufa limefunguka mbele yako huwezi kuita hiyo kazi ngumu. Mkono wa kulia una fimbo ya kuelekeza, wa kushoto una leva ya kupanda na kushuka, miguu iko kwa pedali za mkia, na vyote vinaongea, ukivuta leva lazima mguu ujibu na mkono wa kulia usahihishe, mwanzoni unatoka jasho kusimama tu hewani mahali pamoja lakini baada ya muda mwili unajua. Ugumu uko kwa futi mia za mwisho, pale unashuka mahali hujawahi kufika, kiwanja cha shule, shamba la mtu, kando ya mto.

Huwa sishuki moja kwa moja. Nazunguka kwanza juu, naangalia ukubwa, mteremko, vumbi, upepo unatoka wapi. Upepo nausoma kwa moshi wa jikoni za watu, kwa nguo kwenye kamba, kwa miti. Halafu nyaya za stima. Siku hizi umeme umefika vijijini, ni jambo jema sana, lakini waya huuoni kutoka juu mpaka umechelewa, kwa hivyo usitafute waya, tafuta nguzo. Ukiona nguzo mbili chora mstari kichwani mwako, hata kama huoni kitu katikati wewe amini kiko. Na ukishuka usishuke wima haraka huku mwendo umekufa, chopa itaingia ndani ya upepo ambao imesukuma yenyewe, unavuta leva ikuinue na ndio kwanza inazama. Hapo dawa ni kusukuma fimbo utoke pembeni upate hewa safi, na hiyo inataka nafasi chini yako, na futi mia hazina nafasi ya kutosha.

Na watu. Hapa ndio roho yangu inakaa juu juu kila wakati.

Kampeni za 2022 nilikuwa natua viwanja sita saba kwa siku. Kuna shule moja ya msingi, sitaitaja, chifu alikuwa ameahidi uwanja utamwagiwa maji na watoto watakaa kwa madarasa. Nikazunguka, nikaona uwanja uko wazi, watu wako kwenye ua, sawa. Nikaanza kushuka. Nikiwa kama futi ishirini vumbi likainuka, na katikati ya vumbi nikaona upande wa kushoto kofia ya mtoto imepeperuka inaviringika kuelekea nyuma yangu, na mtoto mwenyewe anaikimbilia. Nyuma ni mkia. Ile rota ndogo ya mkia inazunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, huwezi kuiona, mtu anaona hewa tu, na mimi nikiwa kwa kiti changu sioni kule nyuma hata nikijipinda shingo. Nikavuta leva. Sikufikiria, mkono ulivuta wenyewe, tukapanda, vumbi likabaki chini na mtoto naye nikamwona amesimama ameshika kofia yake kwa mikono miwili anatuangalia.

Mheshimiwa alikasirika. Msaidizi wake alinipigia kelele kwa hedseti, ati watu wanasubiri, ati nimemwaibisha. Nilimwambia tunatua kwa lile shamba la pale mbele limevunwa na mheshimiwa atatembea dakika kumi. Alitembea. Jioni aliniita kando nikajua leo nafutwa kazi, akaniuliza tu, "Yule mtoto ulimwona?" Nikasema nilimwona mzee. Akanishika bega akaenda.

Na hata baada ya kugusa ardhi bado. Injini hii huwezi kuizima papo hapo, inatakiwa ibaki inazunguka polepole kidogo ipoe, na rota inachukua muda kusimama, na huo ndio wakati umati unaona imeshatua basi wanakuja mbio kusalimia. Mimi nikiwa peke yangu siwezi kuacha vidhibiti nikatoke nje nikawazuie. Ningekuwa na uwezo, kila msafara wa chopa ungetuma mtu mmoja kwa gari atangulie masaa mawili, kazi yake iwe watoto na mkia tu. Nimelisema hili kwa mikutano mingi ya kupanga safari, naambiwa bajeti. Bajeti ya spika ipo, ya fulana ipo.

Mama yangu hofu yake ni nyingine. Juni 10, 2012, ile Jumapili helikopta ya polisi ilianguka Kibiku kule Ngong wakafariki waziri wa usalama Profesa Saitoti, naibu wake Orwa Ojode na wale wanne waliokuwa nao, mama alinipigia simu mara kumi na moja. Aprili 18, 2024 tulipompoteza mkuu wa majeshi Jenerali Ogolla na wanajeshi tisa kwa ajali ya helikopta, hakupiga, alikuja hadi kwangu akakaa. Siku hiyo akaniuliza kitu hajawahi kuniuliza, "Hiyo injini ikizima wewe unafanya nini?" Nikamweleza kama ninavyomweleza mwanafunzi. Nikamwambia mama, chopa haidondoki kama jiwe. Injini ikizima nashusha leva ya kushoto saa hiyo hiyo, sina sekunde za kufikiria, hewa inayopanda kutoka chini inazungusha rota, tunateremka kwa kasi lakini ninaielekeza mahali, halafu karibu na ardhi nainua pua kupunguza mwendo, na mwisho navuta leva mara moja tu kutumia nguvu iliyobaki kwenye rota tukae chini taratibu. Ni mara moja, hakuna ya pili. Na kila baada ya miezi sita mtahini anakaa kando yangu ananipima hilo na mengine. Akanisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na mawingu?" Mama anajua. Julai asubuhi mawingu yanalala juu ya Ngong na Limuru kama blanketi, na abiria ana mkutano saa mbili. Nikamwambia kwa mawingu tunakaa chini tunakunywa chai.

Mwaka jana nilipeleka daktari kule kule upande wa ile shule. Nilipozunguka juu nikaona mawe yamepangwa duara kubwa yamepakwa chokaa, na watoto wote wamekaa chini ya mti mbali, mwalimu amesimama mbele yao amenyoosha mikono. Nikatua, nikazima, nikangoja rota isimame kabisa ndio nikampungia mkono mwalimu awaachilie. Walikuja wakaizunguka, kuna kijana mmoja akaenda moja kwa moja nyuma akauliza hii ndogo ni ya nini. Nikamwambia ile kubwa ikizunguka huku, mwili wa chopa unataka kuzunguka kule, sasa hii ndogo inaushikilia usizunguke. Akafikiria kidogo akasema, "Kama vile baba alinishikia baiskeli nyuma." Nikamwambia ndio, hivyo hivyo, halafu nikamruhusu aiguse.