Ubani na wafanyakazi waliovuliwa nguo

Habari za ubani wa kale karibu zote huanzia hekaluni, kwa makuhani na vyetezo vyao. Mimi huanzia mlangoni mwa karakana za Alexandria, karne ya kwanza, kama alivyozieleza Mrumi Pliny Mkubwa. Wafanyakazi waliouandaa ubani kwa ajili ya soko walipigiwa muhuri kwenye nguo zao za kazi, wakafunikwa kichwa kwa barakoa au wavu wa matundu madogo, na kabla ya kutoka walivuliwa kila kitu. Yote hayo kwa ajili ya utomvu wa mti!

Ukiifuata safari ya ubani, hofu hiyo ya wizi inaeleweka. Mti wenyewe si mrefu, gome lake hubanduka kama karatasi, na huota kwenye majabali makavu ya Dhofar huko Oman, Yemen na Somalia. Mvunaji hukwangua gome, utomvu mweupe ukatoka na kugandia hapo hapo. Baada ya majuma kadhaa hurudi kuyabandua matone. Mkwanguo wa kwanza hauna maana sana. Ubani mzuri huja kwenye mikwanguo ya baadaye.

Kisha ngamia. Pliny anasema mzigo wote ulipelekwa mji wa Sabota, Arabia Kusini, ukaingia kwa lango moja tu, na aliyeiacha njia kuu aliuawa. Makuhani walichukua fungu la kumi la mungu wao. Mbele ya hapo kila kituo kilidai chake: maji, malisho, malazi, ushuru. Hadi pwani ya Mediterania, ngamia mmoja amekula denari 688, sarafu za fedha za Kirumi. Hesabu hii inanivutia kuliko nyoka wenye mabawa ambao Herodotus, mwanahistoria Mgiriki, alisema waliilinda miti hiyo. (Nashuku wafanyabiashara ndio waliomlisha hadithi ile, bei isishuke.)

Karne ya 15 KK, Hatshepsut, farao mwanamke wa Misri, alituma merikebu hadi Punt, nchi ya kale kusini mwa Misri. Kwenye kuta za hekalu lake, Deir el-Bahari, wamechorwa watu wamebeba miti hai, mizizi ikiwa vikapuni. Wataalamu bado wanabishana kama ni ya ubani au ya manemane. Wamisri walifukiza ubani, na ulioungua waliusaga wakapata wanja.

Leo miti ya jamii ya ubani iliyoko Ethiopia inazeeka bila warithi. Mifugo hula miche, moto hupita, na mti uliokwanguliwa mno hutoa mbegu dhaifu. Muuzaji akinisifia kwamba ubani wake ni wa porini, namuuliza miti hupumzishwa lini.