Usiku wa Hidaya na mikarafuu ya baba

Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 4 Mei 2024, sikulala. Kimbunga Hidaya kilikuwa kinaelekea Mafia, na mimi niko Mtambwe, huku Pemba, mbali nacho. Boti za Unguja zilikuwa zimesimamishwa. Redio ilikuwa karibu na mto wa kitanda, na kila tawi likigusa bati nilikuwa naamka kuchungulia dirishani, kana kwamba gizani ningeweza kuihesabu mikarafuu ya baba.

Ni mikarafuu 31, fungu langu la urithi. Kaka zangu walichukua upande wa bondeni, mimi nikapewa wa juu kilimani, ambako upepo unapiga moja kwa moja. Mwingine baba aliupanda nikiwa mdogo, mwingine aliukuta kwa babu. Mkarafuu ukiutunza unakuona unazaliwa na unakuzika, lakini una kasoro moja ambayo kila mchumaji anaijua: matawi yake hayana unyumbufu. Hayapindi, yanakatika. Ndiyo maana kila msimu husikia mtu kaanguka na tawi lake. Sasa fikiria upepo wa kimbunga, na chini yake udongo uliolowa kwa mvua za masika mpaka mizizi haina pa kushika.

Asubuhi kwetu kulikuwa na upepo na manyunyu, basi. Nilizunguka shamba zima na kanga kichwani, nikakuta tawi moja tu limelala chini. Nikakaa hapo hapo kwenye majani maji, nikalia kwa kushukuru.

Mafia hawakusalimika hivyo. Binti ami yangu ameolewa huko, na simu yake ilipopatikana neno la kwanza alilosema ni "minazi". Hakuanza na nyumba. Minazi saba ilikuwa imelala, mmoja juu ya banda la kuku. Bara nako, barabara ya kwenda Lindi na Mtwara ilikatika upande wa Kilwa, kule Somanga, magari yakakwama kwenye foleni pande zote mbili. Na hapo watu wa bonde la Rufiji walikuwa bado wanatoa matope ya mafuriko ya Aprili kwenye mashamba ya mpunga.

Tunaambiwa vimbunga si vya kwetu, na kwa kiasi kikubwa ni kweli. Kimbunga kinahitaji bahari yenye joto, nyuzi 26 au 27 na zaidi, lakini kinahitaji pia msukumo wa mzunguko wa dunia ili upepo uzunguke, na msukumo huo ukikaribia ikweta unapungua sana. Pemba tuko kama digrii tano tu kusini ya ikweta. Ndiyo maana vingi vinamalizikia Msumbiji na Madagaska. Lakini si kweli kwamba havifiki. Lindi walipigwa mwaka 1952. Na Unguja, Aprili 1872, walipigwa kipigo ambacho sisi Wapemba tunakiishi hadi leo bila kukitaja.

Kabla ya siku ile, karafuu ilikuwa ya Unguja. Kimbunga kilizamisha meli za Sultani Barghash bandarini na kung'oa sehemu kubwa ya mikarafuu na minazi ya kisiwa. Pemba iliponea chupuchupu. Karafuu ikaadimika, bei ikapanda, na wenye mali wakageukia huku kupanda. Kilima hiki ninachokiita cha baba kiliingia kwenye karafuu kwa mkondo huo. Na nisiufiche ukweli: mikono mingi iliyochimba mashimo yale haikuwa huru. Watumwa walikuja kuachiwa kwa sheria mwaka 1897. Msiba wa Unguja ukawa riziki ya Pemba, na kwa wengine ukawa jembe la kulazimishwa.

Jambo linaloniuma ni hili. Machi 2019 kimbunga Idai kilipopiga Beira, Msumbiji, mahindi yalikuwa yanakaribia kuvunwa, na njaa ikaingia majumbani. Ni msiba mkubwa. Lakini mkulima wa mahindi akipata mbegu na maji yakikauka, anaweza kupanda msimu unaofuata. Mche wa mkarafuu ukiupanda leo utausubiri miaka sita, saba, ndipo uchume viganja viwili. Kuzaa kwa kujaza majamvi kunataka kama miaka ishirini. Mimi nina miaka 52. Upepo wa muda wa saa tatu ukining'olea mikarafuu 31, sina umri wa kuirudisha.

Kwa hiyo nikiwasikia wataalamu wanatushauri "mbegu za muda mfupi" na "kubadili kalenda ya kilimo", nasikiliza kwa adabu, kisha nauliza: na sisi wa miti? Nimewahi kusimama mkutanoni hapa wilayani nikauliza kuhusu bima ya mti, si ya msimu. Nilijibiwa litafanyiwa kazi. Bado nasubiri, na nitasimama tena.

Hata bila kimbunga, mbingu zimetuvuruga. Karafuu mbichi inataka jua la siku tatu, nne mfululizo juu ya jamvi. Mvua ikiikuta katikati inavunda, rangi inakuwa ya majivu, na kwenye kituo cha kununulia karafuu inashushwa daraja. Mwisho wa 2023, mvua za vuli zilipokuwa hazikatiki, tulikuwa tunaanua na kuanika mara nne kwa siku, mimi, wanangu na mama mkwe wangu mwenye magoti mabovu. Usiku tulizitandaza sebuleni tukapita kwa ncha za vidole.

Baada ya Hidaya nilikwenda kuchukua miche 12. Sikuipanda kilimani. Nilimwomba kaka yangu mkubwa kipande cha bondeni, nyuma ya miembe inayokinga upepo wa kusi, na akanipa bila kunidai kitu. Nimeipandia mihogo na migomba pembeni iipe kivuli. Mpaka leo kumi imeshika. Mrefu kuliko yote unanifika kiunoni.