Mzizi wa mvinje haubebwi mbichi

Mara ya kwanza nilichimba mizizi ya mivinje ufuoni Tiwi, nikaitia kwenye mifuko, nikaizika ndani ya barafu na kurudi mjini. Nilipovuka Likoni barafu ilishakuwa maji. Kwenye jeli ya maabara, inayotenganisha RNA kwa ukubwa wa vipande vyake, nilitarajia mistari miwili iliyosimama vizuri. Nikaona doa refu lililopakaa. RNA yote, zile nakala za jeni nilizozifuata, ilikuwa imekatikakatika. Niliumia, maana mwezi mzima nilikuwa nikiwaza safari ile tu.

Nilikuwa natafuta jeni ambazo kuvu huziwasha inaposhikana na mzizi. Kuvu iitwayo Laccaria bicolor, ambayo jenomu yake, yaani seti nzima ya jeni zake, ilichapishwa mwaka 2008, hutoa protini ndogo, MiSSP7, inayopenya hadi kwenye kiini cha seli ya mzizi na kuituliza kinga ya mti. Bila protini hiyo kuvu haishikamani na mzizi inavyopaswa. Je, kuvu za mivinje yetu nazo zina ujanja wa namna hiyo?

Fundi wa maabara, mama wa makamo, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu, mzizi usiubebe. Uue palepale."

Alisema kweli. RNA ni nakala ya jeni zinazofanya kazi saa hiyo hiyo. Mzizi ukikatwa, jeni za jeraha huamka. Hata kama RNA ingepona, ningesoma habari za jembe langu.

Akanifundisha kuyeyusha chumvi iitwayo amonia salfeti ndani ya maji mpaka yakatae kupokea zaidi. Niliporudi Tiwi alfajiri nilibeba vichupa vya maji hayo. Nilifukua taratibu kwa vidole vyenye glavu, nikatafuta ncha fupi nene zilizovikwa utando wa kuvu kama soksi, nikaepuka vifundo vya bakteria Frankia, nikasuuza mchanga na kukata vipande visivyofika nusu sentimita ili chumvi iingie upesi. Kila kimoja nilikitumbukiza kichupani papo hapo. Vimeng'enya vinavyoila RNA husimama ndani ya chumvi hiyo, na joto la njiani halikunitisha tena.

Kukabaki tanini, kemikali chungu za mimea. Mvinje umejaa tanini, na nilipoisaga mizizi maabara ili nitoe RNA, mchanganyiko wangu uligeuka rangi ya chai ya rangi. Nilianza upya kwa CTAB, sabuni ya maabara inayopasua seli, nikaongeza PVP, ambayo hunasa tanini zikatupwa pamoja na makapi.

Jioni ile jeli ilipowekwa kwenye mwanga, mistari ilikuwa minne: miwili ya mti, na chini kidogo ya kila mmoja, mwembamba zaidi, wa kuvu. Nilimwita yule mama fundi aje aone.