Kaswida yangu ya kwanza ilivyopwaya mzani mmoja

Ustadhi wa madrasa yetu hapa Ujiji alinipa wiki tatu niwaandikie watoto kaswida ya maulidi ya Mfungo Sita. "Si unajua mashairi wewe, mwanangu?" Nilijua ya kujibia mtihani. Nikachagua utenzi kwa kuudharau: vipande vinne, kila kimoja mizani (silabi) nane, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, cha nne kinabeba bahari, yaani kina cha utenzi mzima.

Nikafungua na "Ewe Mtume mwema". Karatasini palitulia. Jioni ya mazoezi, kila watoto wakifika hapo dufu linawaacha, wao wanavuta "mweeema" kulikimbilia. Ustadhi akagonga jamvi kwa kidole: e-we-m-tu-me-mwe-ma. Saba! Mimi "mwema" nilikuwa nimeisoma mu-e-ma. "Hiyo *m* ya Mtume ina mzani wake, Sheikh, lakini *mwe* ni mmoja tu."

Tena nilikuwa nimeandika "Muhammad", kama kwenye kitambulisho. Miaka yote nilidhani "Muhammadi" ya tenzi ni madaha ya watu wa pwani, kumbe ile *i* ndiyo inayokamilisha mzani wa nne. Usiku nikausuka upya:

Ewe Mtume wa wema
uliyezawa yatima
ukajaliwa rehema
Muhammadi mwenye nuru

Bahari ikawa *ru*, na hapo ndipo nilipojifunga mwenyewe. Shukuru, nusuru, amuru, huru, zuru... ubeti wa tisa nikabaki na "kufuru", neno ambalo siwezi kuliweka karibu na jina la Mtume hata kwa bahati mbaya. Nilipolalamika, ustadhi akanikumbusha Burda ya Al-Busiri, shairi la Kiarabu la kumsifu Mtume tunalolisoma kila mwaka: beti zaidi ya 150, zote zinaishia kina kimoja cha mimu, ile *m* ya Kiarabu. Nikamwambia huyo alikuwa na Kiarabu chote mkononi. Akacheka. "Basi ishia wa nane. Kiitikio kitaziba."

Na kweli kiliziba. Kila ubeti waliitikia mara mbili kwa kumsalia Mtume, dufu limeanikwa juani tangu mchana ngozi ikakaza, na beti zangu nane zikaonekana nyingi. Ila kuna kijana mmoja wa safu ya nyuma, mpaka leo akifika ubeti wa kwanza anaimba "mweeema".