Siku yangu moja kazini Tanga: mbwa mzima naye apelekwe kupimwa?

Naamka saa 11 alfajiri, naswali, nachemsha chai, af napanga begi ya kazi mwenyewe maana sipendi mtu mwingine aiguse. Thamomita, stetoskopu, glavu, kamba ya kufungia mdomo, kadi mpya za chanjo, na koti langu la kazi ambalo haliingii chumbani hata siku moja, linakaa nje kwenye ndoo yake. Hili watu wananiuliza sana, kwamba dada wewe mtandio umeuvaa vizuri kabisa, sasa mbwa unawashika vipi? Nawashika na glavu, nikirudi navua koti, naoga, nguo zinafuliwa kivyake, naswali. Mbwa wa ulinzi na wa kuchungia mifugo tumeruhusiwa kuwafuga, na ukishamfunga mnyama getini kwako hiyo tayari ni amana, mtu lazima amuangalie. Mambo ya mifugo nimesomea hapahapa Tanga, chuo cha mifugo cha Buhuri, wenzangu wengi wameenda kwenye ng'ombe wa maziwa, si unajua Tanga na maziwa, mimi nikang'ang'ania mbwa na sababu ntaisema mbele.

Saa 1 na nusu niko kwenye baiskeli natoka Makorora naingia Ngamiani, vitumbua vyangu kwenye mfuko. Kazini ni kliniki ya wanyama, tuko wawili, mimi na dokta mkubwa. Yeye ndo anapima damu na kuandika dawa, mimi napokea, napima uzito, nachunguza mwili, najaza kadi.

Saa 2 kasoro kafika mlinzi mmoja mzee kutoka Raskazone na mbwa mkubwa mweusi anaitwa Simba. Shikamoo mzee. Marahaba dokta, bosi kanituma chanjo ya kichaa tu, mchome haraka niwahi, geti nimemuachia kijana. Nikamwambia sawa mzee wangu, ila kwanza apande mizani. Akasema ya nini, huyu mzima, jana usiku kabweka mpaka asubuhi na ugali wa dona na dagaa anamaliza sufuria. Nikamuomba dakika 10 tu.

Kadi ya mwaka jana ilikuwa imeandikwa kilo 27.4. Mizani ikasoma 24.6.

Karibu kilo 3 hizo, na hakuna aliyeziona kwa sababu kila siku wanamuona yuleyule, manyoya yamefunika mbavu. Nikamfunua mdomo. Fizi za mbwa mzima ni za pinki, ukizibonyeza na kidole zinakuwa nyeupe af rangi inarudi ndani ya sekunde 1 au 2. Za Simba zilikuwa zimepauka, si nyeupe kabisa, zimepauka tu, ungekuwa hujazoea usingejua. Tezi chini ya taya zimevimba kidogo. Joto liko kawaida, 38 na kitu. Ndani ya masikio na katikati ya vidole kupe wamejaa. Nikamuita dokta mkubwa, akachukua damu kidogo akaweka kwenye kile kipimo cha haraka, tukasubiri, mstari ukatoka: homa ya kupe.

Hapa ndo nataka watu wanielewe vizuri. Hii homa ya kupe ya mbwa kuna aina ambayo inaanza na homa ndogo ya wiki chache, mbwa anapooza kidogo, af anarudi kama kawaida, na hapo anaweza kukaa miezi, wengine hata miaka, anakula anabweka anarukaruka huku vijidudu viko ndani ya damu vinakula taratibu. Siku inapokuja kuonekana kwa macho, mbwa anatoka damu puani, mwili hauna nguvu hata ya kutengeneza damu mpya, na wakati huo dawa unampa lakini mara nyingi unakuwa umechelewa. Huyu wa Raskazone tumemkamata kwenye kile kipindi cha kati, na amekamatwa kwa mizani na kidole kwenye fizi. Kaandikiwa vidonge vya siku 28, chanjo ikasogezwa mbele mpaka apate nguvu maana ya mwaka jana ilikuwa bado haijaisha muda.

Nikamuuliza mzee, pale kwa bosi mbwa ni huyu mmoja? Akasema wako wawili, ila yule jike hana shida yoyote, yule mzima kabisa.

Saa 4 watoto wa mbwa wanne kwenye boksi, minyoo, matumbo kama mipira. Hao hawana mjadala, minyoo wanaipata tangu tumboni kwa mama, wanaanza dawa wakiwa na wiki 2 na unarudia kila wiki 2. Yule kijana aliyewaleta nikamuelekeza pia kuhusu wadogo zake wanaocheza peku uani, maana minyoo ya safura ya mbwa inapenya ngozi ya mguu, unaona kamstari kekundu kanatembea chini ya ngozi kanawasha usiku kucha. Kumbe mdogo wake mmoja anako! Nikamwambia ampeleke hospitali leoleo.

Saa 5 na nusu, mama mmoja wa Chumbageni na mbwa wake wa miaka 9. Huyu mama namheshimu sana, kila miezi 6 hakosi. Nikamkagua meno, macho, moyo, chuchu moja moja kutafuta uvimbe, uzito uleule, kila kitu safi. Akaniuliza, sasa mwanangu si nimekuja bure? Nikamwambia hapana mama, leo tumepata namba zake akiwa mzima, sasa siku akibadilika tutajua amebadilika kutoka wapi kwenda wapi. Yule Simba asingekuwa na kadi ya mwaka jana hizo kilo 24.6 zisingeniambia kitu, ningesema mbwa mzuri huyu, nikamchoma sindano akaenda zake.

Mchana nimeswali, nimekula wali na samaki, na sababu niliyoiahidi ni hii. Nikiwa darasa la sita kwetu Pongwe tulikuwa na mbwa anaitwa Tomi, ananisindikiza shule mpaka barabarani af anarudi peke yake. Hakuwahi kuumwa. Yaani ndivyo tulivyokuwa tunasema wote nyumbani, Tomi haumwi. Ijumaa moja tukamkuta chini ya mwembe damu inamtoka puani, Jumapili akafa, na baba akasema amerogwa au kalishwa sumu na majirani, tukanuniana na nyumba ya pili karibu mwaka mzima. Nilikuja kukaa darasani Buhuri mwalimu anaelezea homa ya kupe, alipofika kwenye damu ya puani nikaweka kalamu chini. Majirani wale hawakuwa na kosa. Nilienda kuwaomba radhi kwa niaba ya nyumba yetu, yule bibi kanishika mkono hakuniuliza hata nimejuaje.

Saa 9 nikaenda nje ya mji, njia ya Amboni, kwa babu mmoja ana mbuzi na mbwa watatu wa kuchunga. Babu hawagusi, anasimama mbali na bakora yake anamuita mjukuu awashike. Akaniambia mjukuu wangu, hawa wanapata chanjo ya serikali ile kampeni ya Septemba, inatosha. Nikamwambia babu chanjo ya kichaa ndo ya kwanza kabisa, hiyo usiiache hata mwaka mmoja, maana kichaa cha mbwa dalili zikishaanza kwa mtu hakuna tiba. Lakini hiyo sindano inazuia kichaa, haiangalii fizi wala kupe wala jicho. Na mimi sisemi kila mbwa apimwe damu kila mwezi, hela hakuna, najua. Mbwa mkubwa mwenye nguvu mara 1 kwa mwaka siku ileile ya chanjo, akaguliwe mwili mzima na apimwe uzito, imetosha. Akivuka miaka 7 fanya mara 2, kwa sababu mbwa anazeeka haraka, mwaka wake mmoja si sawa na wako. Babu akafikiri wee, akauliza na huyu jicho lake lina ukungu tangu lini? Akamuuliza mjukuu. Hakuna aliyejua. Porini mbwa mwenye ukungu machoni namuwazia ugonjwa wa ndorobo, ule unaoletwa na mbung'o, kwa hiyo huyo mmoja kesho anakuja kupimwa damu, babu kakubali kulipa kwa kuku.

Saa 12 jioni niko nyumbani, nimeoga, koti liko kwenye ndoo, naandika madaftari ya leo. Simu ikaita, yule mzee mlinzi. Bosi wake kamuuliza mbona mbwa karudi na vidonge wakati alimtuma chanjo, akamsimulia habari ya kilo 3. Nikamwambia mzee, hao kupe hawakai kwenye mbwa tu, wanaishi kwenye nyufa za ukuta na za banda, kupe jike mmoja anataga mayai kwa maelfu, kwa hiyo banda lote lipigwe dawa, na yule mbwa jike analala banda moja na Simba?

Akanyamaza kidogo. Akasema wanalala pamoja, tena yule jike ndo analala upande wa ukutani.

Nikamwambia mlete kesho saa 2, na kama ana kadi njoo nayo. Akasema kadi hana, huyo hajawahi kupelekwa popote.