Saa ya Kifaransa iliyokuwa ikisimama ovyo: jinsi nilivyoitengeneza

Saa hii ya juu ya meko ni ya enzi ya Louis XVI, mfalme wa Ufaransa wa karne ya 18: shaba iliyopakwa dhahabu, yenye sanamu ya Kupido akimvisha Venus, mungu wa kike wa mapenzi wa Warumi, taji la maua. Nzuri mno! Lakini ilitembea dakika chache tu, ikasimama. Mashine safi, springi nzima. Nikatega sikio: tik… tak-tik… tak. Hatua hazilingani.

Pendulamu yake, ile timazi inayobembea, huning'inia kwenye uzi wa hariri, nao ulikuwa umechakaa, umelegea upande mmoja. Nikafunga mpya, nikaiweka saa isiinamie upande wowote, kwa pima maji, kisha nikaupinda kidogo sana mkono unaosukuma pendulamu hadi mlio ukalingana. Ikiwahi au kuchelewa, rekebisha urefu wa uzi: ukiufupisha, saa inakwenda mbio.

Dhahabu usiisugue kwa dawa ya shaba. Ilipakwa kwa zebaki, ikikwanguka hairudi. Brashi laini inatosha.